Mutoto Njo Anabeba Namba ya Mama

Rafiki yangu, vuta kiti. Hii maneno siambiaka kila mutu, lakini weye najua hautanikata katikati. Nataka kukuonesha mutu moja, na jina yake sitaitaja. Siye wote wa masomo ya saa za mangaribi huku Nyakasanza tulimuitaka Mwalimu tu, na hata leo, kama nasema Mwalimu ku barabara, watu wa wakati ile wanajua ni yeye nasema. Wapi alizaliwa, baba yake nani, watu wake ni wa upande gani, usiniulize. Yeye mwenyewe hakupendaka ile swali. Huku kwetu Ituri tunajua inaweza kufikisha mutu wapi.

Lakini mbele ya Mwalimu, ujue kwanza kitu nilikuwa nabeba ku roho, juu bila ile hautamuelewa.

Wakati tulikimbia vita, njia ya Komanda ikiwa imejaa watu, niliona katoto kasichana kamesimama peke yake kando ya barabara. Kalikuwa na umri ya kubebwa bado. Mugongoni kalikuwa kamefunga mutwangio, muti ya kutwangia majani ya muhogo, na kipande ya kitenge, vile watoto wanachezaka kubeba mutoto. Hakalii. Niliuliza kila mutu alipita. Hakuna aliyejua. Nikakabeba, mutwangio na yote, juu kalikataa kuiacha. Tulipofika fasi ya kukaa, nilitangaza mu kanisa kila siku ya Mungu mupaka padri mwenyewe aliniambia, mama, sasa inatosha, mulee. Nikamuita Riziki. Nilimulea na wale niliozaa, sahani moja, kitanda moja.

Na miaka yote ile nilisalia mama yake akuwe muzima, na nilisalia asikuje. Sala zote mbili zinatoka mu kinywa moja. Mungu anajua alizipanga namna gani.

Basi njo hali niliingia nayo ku masomo ya informatique, elimu ya kompyuta. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa musichana, nikarudia nikiwa mama wa watu. Asubui nilifanyaka kazi ya kuandika wagonjwa mu mashini ya ordinatere ku santre ya afya, mangaribi naenda kusoma mu chumba ya parokia. Wengine walikuwa vijana, kulikuwa na Faustin, motard wa kubeba watu na pikipiki, mutu wa kucheka, na miye mukubwa wao wote.

Mwalimu alikuwaka anakuja kwa miguu, na koti ya majivu hata kukiwa jua kali. Anaivua, anaivika kiti, na kuanzia pale kile kiti hakuna mutu anakikalia. Kuran ya umeme ilikuwa ya kubahatisha. Mara mingi tulianza bila mashini, na chaki tu, tunangojea waamshe grupu, mashini ya kuzaa umeme. Yeye hakusumbuka. Alisemaka mashini ni ya mwisho, kwanza watu. Na kweli alitufundisha na miili yetu. Alitusimamisha kwa mistari mbele ya ubao, kila mutu na karatasi ku kifua, tukuwe tabulo. Mu ile kazi, tabulo ni pahali unapanga watu: kila mutu mustari yake, na kila kitu unajua juu yake iko mu kolone yake, jina, mwaka, mutaa.

Siku moja alinisimamisha miye kama mama, na Faustin kama mutoto. Akaniuliza nimuoneshe watoto yangu. Nikaangalia karatasi yangu: jina yangu na namba yangu, basi. Akamuuliza Faustin iko na nini. Faustin akasoma ku kifua yake: jina, namba, na chini, namba ya mama.

“Mwalimu,” Faustin akasema, “sawa, niko mutoto yake. Lakini anibebe namna gani, na hii tumbo ya kujaa kwanga ya muhogo?”

Tukacheka wote. Mwalimu hakucheka, alingojea tumalize.

“Mu tabulo,” akasema, “mutoto njo anabeba namba ya mama. Mama habebi kitu. Ukimusoma mama peke yake, hautajua kama alizaa.”

Kisha akatuonesha upande ingine. Mu programu, ile watu wanaangalia ku ekra, uso ya mashini, mambo iko kinyume: unamukamata mama, na ndani yake unakuta watoto yake wote, wameshikana naye. Ile ni namna watu wanafikiri. Ingine ni namna tabulo inalinda. Kazi yetu, alisema, ni kuambia programu: kama unatafuta watoto wa huyu mama, usiwatafute kwake, enda mu mistari ya watoto, uangalie nani anabeba namba yake. Ni kupatanisha wawili wenye hawaongei luga moja, bila kumulazimisha mumoja abadilike.

Nilirudi nyumbani na ile neno. Nikamuona Riziki anaosha masufuria ku mulango. Nikafikiri, kuna mwanamuke fasi fulani, ukimusoma peke yake hautajua.

Vijana walimupa Mwalimu jina ya pembeni: Usiguse. Ilitoka ku tabulo za zamani za santre. Santre ilitaka programu mupya, na ikaomba darasa yetu tuitengeneze pamoja na yeye. Kila kijana alifika na mawazo ya kubomoa: tufute hii, tupange mupya, hii kolone iko ya nini. Yeye: usiguse. Tabulo zilikuwa zinasomwa na santre zingine, mupaka kule Mongbwalu na Niania, kwa hiyo kitu tunavunja hapa kinaanguka kule. Alitaka programu mupya ivae nguo ya zamani, isikate nguo.

Kilichotushangaza ni kusikia kama yeye mwenyewe njo alizitengeneza zile tabulo, akiwa kijana. Hakuficha. Alizisema ubaya wake mbele yetu bila haya, namna fundi anakuonesha ukuta aliyoijenga mukono ikiwa bado haijakomaa. Lakini kuzibomoa, alikataa. Na siku moja alituambia juu ya nini.

Mu muji moja, hakusema gani, walileta kijana mwenye mayele, akili mingi, ya kusafisha tabulo. Kijana akakuta mistari mingi ya watoto wasiokuwa na namba ya baba, na zingine namba ya baba ambaye hayuko popote. Kwake ile ilikuwa makosa. Akafuta. Tabulo ikabaki safi. Na wakati ya chanjo ilipofika, mama anakuja na mutoto mukononi, wanamuambia huyu mutoto hayuko.

“Alifuta mayatima,” Mwalimu akasema. “Hakujua. Aliona vumbi.”

Tangu siku ile hakuna tena aliyecheka na Usiguse, hata kama jina ilibaki.

Usifikiri alikuwa malaika. Na mistari alikuwa na uvumilivu, na watu hapana. Ukichelewa, anakufungia mulango. Yeye akichelewa, anaingia sawa vile saa ni yake. Ukiandika vibaya anakusomea kosa yako kwa sauti, mbele ya wote, mbele ya watoto wadogo kwako. Mama moja aliacha masomo juu ya ile, na miye nilimuendea Mwalimu kumuambia haikuwa vizuri. Alisikiliza. Kesho yake alimutumia yule mama salamu, lakini hakuomba musamaha, na yule mama hakurudi. Alikataaka chakula ya wanafunzi, ati mutu anayekula kwako hawezi kukupa zero. Lakini mahindi ya kuchoma hakuweza kuikataa. Ukipita na mahindi, Mwalimu anakuwa mutu wa watu.

Misa, hatukumuona. Ile iliniuma, juu alifundisha mu nyumba ya Mungu na kwenye misa hakanyagi. Na tena, akiwa anafuta ubao, anaimba kwa pua nyimbo za kanisa, na sauti ya pili, ile ya mutu aliyeimba mu kwaya. Nilimuuliza siku moja kama hamuogopi Mungu. Alisema anamuheshimu, na kama Mungu hana haja ya namba kwa kujua mutoto wa nani ni nani. Siye wenye tunasahau njo tuko na haja. Niliendelea kumutaja mu rozari, na yeye alijua, na hakunikataza.

Aliishi peke yake, mu nyumba ya mabati karibu na soko. Kama iko na mutoto fasi, hakuna aliyejua.

Sasa sikia pale mambo ilinigeukia.

Tabulo ya zamani ilikuwa na kolone moja tu ya mama. Moja. Na mu santre yetu, watoto wanaoletwa na mama mudogo, na tate, ni kusema bibi, na jirani aliyewaokota, ni wengi. Tukawa tunabishana mu darasa: huyu mutoto tumupe namba ya nani? Vijana walisema ya yule anamuleta. Miye nikasema ndiyo, nikasema kwa nguvu, mutoto iko na mama moja, ni yule anamupeleka ku muganga wa santre.

Mwalimu akanigeukia pole.

“Yupi, Mama Riziki?”

Darasa yote ilijua habari yangu. Sikuificha hata siku moja. Lakini nilisikia kama mutu amenifungulia mulango ya nyumba nikiwa sijavaa.

Hakungojea jibu. Akageukia ubao. Tabulo ya watu akaiacha vile iko, hakuongeza kolone, hakutoa. Pembeni akachora ingine, ndogo sana: namba ya mutoto, namba ya mama, na neno moja. Neno ile inaweza kuwa kuzaa. Inaweza kuwa kulea. Mutoto moja anaweza kuwa na mustari mbili pale, au tatu, na hakuna unafukuza ingine. Zile tabulo za zamani hata hazitasikia kama kuna kitu kimeongezwa. Na mu programu, akasema, tutaiita Uhusiano, itakuwa kitu yenye kusimama peke yake, isiwe tu kamba kati ya watu wawili.

Kisha akaongeza jambo ambalo waganga walimuchukia juu yake. Alitaka ekra, kila mara inaandika mama, imuulize: watoto ulizaa na hauko nao, wako wapi? Waganga walisema ile swali inaliza wanawake, inarefusha foleni, na nani anayo wakati. Muganga mukubwa alikuja mwenyewe ku darasa kumuomba aiondoe. Mwalimu akamujibu kwa adabu kama tabulo haina masikio. Mama habebi namba ya mutoto, kwa hiyo kama hatumuulizi kwa kinywa, yule mutoto hayuko. Muganga mukubwa akasema tujaribu. Swali ikabaki.

Na nani alikuwa anakaa ku ile ekra kila asubui? Miye.

Niliiuliza wanawake wengi. Wengine walisema hapana. Wengine walinyamaza, na nikawaacha wanyamaze. Mupaka siku alikaa mbele yangu mwanamuke moja wa Niania, mwembamba, amekuja kutunza muguu. Muguu yake ilikuwa na kidonda haiponi. Niliandika jina, mwaka, mutaa anafikia. Nikauliza ile swali.

Alisema alizaa musichana, wakapotezana ku njia ya Komanda, watu walipoanza kukimbia. Mutoto alikuwa nyuma yake anacheza. Alikuwa amebeba mutwangio.

Mikono yangu ikakaa ju ya mashini. Nilimuuliza mutwangio ya namna gani.

“Ya mama yangu,” akasema. “Ilipasuka upande moja, akaifunga na waya.”

Ile mutwangio iko nyumbani kwangu. Na waya yake. Natwanga nayo sombe.

Rafiki yangu, kama unaniuliza nilifikiri nini, nitakuambia kweli: nilimuona Riziki mbele yangu, na shati ya shule, anacheka. Nilimuona anatoka ku mulango. Nikasema Baba Yetu polepole, yote, na yule mama akainamisha kichwa, akafikiri nasalia mutoto yake. Na ni kweli nilikuwa nasalia mutoto yake. Kisha nikaandika mustari: namba ya Riziki, namba yake, kuzaa. Nikaandika chini ya ile: namba ya Riziki, namba yangu, kulea. Nikasimama, nikamukamata mukono.

“Dada,” nikamuambia, “iko muzima. Inuka, twende.”

Mangaribi ile nilienda ku masomo, juu sikujua pa kwenda kwingine; nyumbani walikuwa wanalia na kucheka, na nilitaka kuwaachia nafasi. Nilimuambia Mwalimu mbele ya wote. Alifuta ubao, polepole, hata pale hapakuandikwa. Akakaa ku kile kiti, ju ya koti yake, na kitu ile hatujaionaka.

“Leo hatusomi,” akasema. “Rudia kwako, Mama Riziki. Wanakungojea.”

Watu wa Niania walikuja nyuma ya siku kadhaa, vile inafaa, wajomba na mama wakubwa, na mbuzi ya kushukuru. Walikaa, wakala, hawakudai mutoto. Walisema Riziki atachagua. Na Riziki, ile siku ya kwanza alimusalimia mama yake na mukono kama mugeni. Siku ya pili alimuuliza kama muguu inauma. Akaanza kwenda Niania mu vakansi, shule ikifungwa, anarudi mweusi na vumbi ya barabara, anasimulia wadogo zake wa kule. Kila akipanda gari, nilibaki nafagia kiwanja ilikuwa imekwisha kufagiwa.

Mwaka huu, mbele ya masomo kufunguliwa, alikuja jikoni. Alisema kidonda ya mama imerudi, wadogo hawana mutu, na kule kuna shule. Alisema, “Mama, nataka nikae kule.” Aliniita mama, na aliita yule pia mama, mu pumzi moja, na hakuchanganyikiwa hata kidogo. Nikamufungia nguo zake. Nikamupa mutwangio apelekee bibi yake kama bado yuko. Nilipobaki peke yangu, nilisikia sala yangu ya zamani imejibiwa nusu zote mbili, na sikujua kama nishukuru.

Mwalimu alikuwa amekwisha kulala na ugonjwa. Upande moja ya mwili ilikuwa imekufa, na maneno ilimutoka moja moja, kama mutu anavuka muto ku mawe. Wanafunzi wa zamani walikuwa wanapeana zamu ya kumuosha na kumupikia. Faustin alimubebaka ku mugongo kumutoa inje kwa jua, na anamuuliza kama sasa anamupa zero. Nilifika zamu yangu na uji. Nilikuwa nimeamua nisimuambie. Nikamuambia.

Na nikamuambia na uchungu. Nilisema, Mwalimu, kama haungeweka ile swali, leo Riziki angekuwa anaosha masufuria kwangu.

Hakujitetea. Alisema ni kweli. Alisema anajua kama nimepoteza kitu, na hataniambia sikupoteza. Nikakaa chini ku mukeka. Motopompe ya jirani ilikuwa inavuta maji. Kisha akaanza kuongea, na niliinama karibu juu nisipoteze neno.

“Tabulo yangu ya kwanza,” akasema, “ilikuwa na kosa moja kubwa. Niliona watu wanalala nyumba moja, nikaandika ni wa jamaa moja. Pahali mutu analala, ile ni adresi. Mutu ni wa nani, ile ni kitu ingine. Riziki amebadilisha nini?”

“Adresi,” nikasema.

“Na ile ingine, nani ameibadilisha? Weye?”

“Hapana.”

“Yeye?”

Nikakumbuka vile Riziki aliniita mama ku jikoni. Nikasema hapana.

“Basi,” akasema, “nipe uji.”

Nilimunywesha na kijiko, polepole, mupaka ikaisha. Nililia, na hakuniambia ninyamaze. Hakufika Noeli. Tulimuzika siye wa masomo ya mangaribi, na kwaya iliimba, na nilisikia pale sauti ya pili inakosekana.

Sasa, rafiki, hii haijabaki yangu peke yangu. Umuambie mama yeyote anayelea mutoto hakumuzaa, asiogope kuandika jina ya mwingine kando ya yake. Umuambie yeyote anakaa mbele ya mashini anaandika watu: amuulize mama juu ya watoto hawako naye, hata kama foleni ni ndefu, hata kama atalia. Na kama unajua mwanamuke aliyepotezana na mutoto ku njia, Niania, Mongbwalu, popote, muambie aende ku santre yoyote, aseme kwa kinywa yake, na watu wamusikie. Pengine kuna mwanamuke mwingine upande ingine ya ekra, anaogopa namna nilikuwa naogopa. Muambie na ile pia: huyo mwanamuke atainuka, atamukamata mukono.